Mikate Saba ya Hajja Batoul

Jumatatu, tarehe 13 Aprili 2020. Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya Meknes tangu alfajiri, na baridi ilikuwa imerudi, kana kwamba Machi amesahau kitu na amekuja kukichukua. Moshi wa tanuri ulikataa kupanda. Ulijikunja juu ya Kichochoro cha Wafumaji na kushuka tena ukutani.

"Bouazza! Mikate inaungua! Bouazza!"

Ilikuwa sauti ya mkewe, Yamna, kutoka dirisha la juu. Bouazza alikuwa ndani ya shimo lake mbele ya mdomo wa tanuri, shimo la kumfika kiunoni ambalo kila mwoka mikate husimama humo ili macho yake yawe sawa na moto. Alikuwa ameegemea beleshi lake refu la mbao na kuwaza Ramadhani, ambayo ilikuwa inakaribia huku misikiti imefungwa. Aligeuka, akachungulia. Ndani mlikuwa na moshi mweusi. Alianza kutoa mikate upesi, mmoja mmoja, na kila alioutoa ulikuwa mweusi kuliko uliotangulia.

Alikuwa na miaka thelathini na minne katika shimo lile, na baba yake kabla yake alikuwa na arobaini. Hakuwahi kutumia saa. Mkate ukiiva alijua kwa pua, na ukibakiza dakika moja alijua pia. Wanawake wa kichochoro waliukanda unga nyumbani, wakapanga mikate mibichi juu ya ubao, wakaufunika kwa kitambaa na kumletea. Hakuna aliyeandika jina. Kila nyumba ilikuwa na alama yake: huyu alichoma kwa uma mara tano, yule alipitisha kisu pembeni, mwingine alibonyeza mdomo wa bilauri ya chai katikati. Bouazza hakuwa amesoma hata herufi moja, lakini alama hizo alizisoma bila kukosea.

Asubuhi hiyo iliungua mikate ya mbao kumi na moja.

Nje wanawake walikuwa wamesimama juu ya mistari ya chokaa iliyochorwa na Ghizlane, binti yake, hatua mbili kutoka mmoja hadi mwingine, kama serikali ilivyotaka. Walikuwa wamevaa barakoa, wengine mdomoni, wengine kidevuni.

"Fundi, leo umeamua kutuuzia makaa?" alisema mmoja, na wengine wakacheka.

"Mwacheni. Hata yeye amechoka kufungiwa."

"Kafungiwa wapi? Yeye ana ruhusa ya kutoka kila siku. Sisi ndio tunaogombania karatasi moja na waume zetu."

"Ugonjwa wenyewe uko wapi? Mimi sijaona mtu hata mmoja aliyeugua kwa macho yangu."

"Utamwona vipi wakati umejifungia? Na ukiugua usikubali kupimwa, shoga. Wanasema kile kijiti wanachokuingizia puani ndicho kinacholeta ugonjwa wenyewe."

Ni Hajja Batoul tu ambaye hakucheka. Alikuwa mjane mwenye heshima, mlango wake ulikuwa wa tatu kutoka tanurini. Aliushika mkate wake ulioungua kwa vidole viwili, akauinua watu wauone.

"Nimesikia harufu nikiwa jikoni kwangu, milango imefungwa," alisema. "Mkeo amesikia akiwa juu. Wewe uko ndani ya shimo, Fundi. Hukusikia?"

Vicheko vilikatika. Kila mtu alikuwa amesikia kwenye televisheni habari ya watu wanaopoteza kunusa. Mwanamke mmoja alipandisha barakoa yake kutoka kidevuni. Mwingine alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka mistari ya chokaa ikabaki peke yake.

Bouazza aliutazama ubao wa Hajja Batoul uliokuwa mbele yake. Mikate saba yenye duara la bilauri katikati. Aliifunika tena kwa kitambaa.

"Nisameheni," alisema. "Leo sichukui malipo ya mtu."

*

Nyumbani Yamna alimkalisha kwenye mkeka, akamfunga kitambaa machoni. Ghizlane alikuwa anamletea vitu kutoka jikoni.

"Hiki?"

"Sijui."

"Ni kitunguu, baba. Hiki?"

"Sijui. Siki?"

"Umebahatisha. Ni bizari nyembamba."

Akamwekea chini ya pua dawa ya kufulia madoa, ambayo ilimfanya Ghizlane mwenyewe ageuze uso. Bouazza alikaa tu, amenyamaza, kama mtu anayesubiri wamalize mchezo. Mwisho Yamna alichukua chupa ndogo ya maji ya maua ya machungwa aliyoyakamua wiki iliyopita, kama kila mwaka maua yakichanua. Alimmiminia matone kiganjani. Chumba kizima kilijaa harufu yake.

"Na haya?"

Bouazza alinusa kwa muda mrefu. "Maji," alisema.

Yamna alimfungua kitambaa.

"Nipige ile namba ya kuripoti wagonjwa," alisema Ghizlane.

"Usipige kitu. Ni mafua. Tusubiri mpaka Ijumaa."

"Baba, mpaka Ijumaa utakuwa umewashikia watu mikate yao mara ngapi?"

"Na nikisema ninaumwa, nani atauleta unga wake hapa tena? Mwaka mzima utapita, watu watakuwa wanasema: pale ndipo alipokuwa yule mgonjwa. Tutakula nini? Beleshi?" Alisugua uso wake. "Fundi wa ngozi wa bondeni walimchukua wakiwa wamevaa mavazi meupe, watu wanampiga picha kama mwizi. Mpaka leo wanawe hawanunui maziwa dukani, wanaambiwa wasimame mbali. Ijumaa, Ghizlane. Nimesema."

Yamna hakubishana naye. Alitandika mswala, akaswali rakaa mbili, na baada ya salamu alikaa mikono ikiwa wazi mapajani. Alikuwa na desturi ya kumwambia Mungu mambo yake kwa maneno ya kawaida, kama mtu anavyozungumza na mkubwa wa nyumba. Alisema: "Unaona mwenyewe. Mimi sijui. Mwonyeshe yeye."

*

Adhuhuri Bouazza alichukua mkate mmoja uliopona na kuufunga kwa kitambaa. Ulikuwa wa Lalla Tahra, bikizee aliyekaa chumba kimoja mwisho wa kichochoro. Hakuwa na mtoto wala ndugu, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi cha kutoweza kukanda unga. Kwa miaka tisa Bouazza alikuwa akimpelekea mkate kila adhuhuri. Kila siku alikaa naye, akaumega vipande, akavichovya kwenye mafuta ya zeituni, akamwekea karibu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

"Ingia mwanangu," Lalla Tahra aliita kutoka ndani. "Leo mkono huu umegoma kabisa. Hata bilauri haushiki."

Bouazza alisimama kizingitini. Alikuwa tayari amenyoosha mkono wenye mkate. Jana alikuwa amekaa pale, magoti yao yakigusana, akammegea mkate kwa vidole vyake, na kipande kimoja kilipoanguka alikiokota na kumtia mdomoni.

Aliuweka mkate juu ya kigoda cha mlangoni, akarudi nyuma.

"Mbona unakimbia? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Basi nimegee. Nitakulaje, kama paka?"

"Leo siwezi. Nitamtuma mtu."

"Utamtuma nani? Wote wamejifungia. Ninyi wanaume mnaogopa upepo." Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha mara moja tu, kama cha mtu yeyote. Bouazza alisikiliza kama kingerudi. Hakikurudi.

Alitembea kurudi nyumbani taratibu. Alipofika chini ya ngazi aliita bila kupanda.

"Yamna! Mwite Si Mekki."

Si Mekki, yaani Bwana Mekki, alikuwa mukadamu, mjumbe wa serikali wa mtaa, ndiye aliyegawa karatasi za ruhusa na kujua nani kahama, nani kaoa, nani kafa. Alikuja akiwa na muhuri umening'inia shingoni kwa kamba. Alisimama mbali, akasikiliza, akapiga simu. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mungu akuponye, Fundi. Usiguse kitu."

Bouazza aliomba jambo moja: azime tanuri mwenyewe. Alishuka shimoni, akavuta makaa, akamwaga majivu, akafunga mdomo kwa bati. Tanuri lile lilipoa mara ya mwisho siku aliyozikwa baba yake.

Wakati gari lilipokuja, watu watatu waliovaa mavazi meupe walitaka kumlaza kwenye machela. "Nina miguu," alisema, na wakamwacha atembee. Madirishani simu zilikuwa zimeinuliwa. Juu ya dari moja, kwenye paa bapa la nyumba, mwanamke alikuwa anamwombea kwa sauti, na juu ya dari jirani mwingine alikuwa anawaita watoto wake waingie ndani upesi. Alipopita mlangoni kwa Allal, mwuza mboga ambaye kwa miaka ishirini alikula mkate wa tanuri lile asubuhi na jioni, Allal alitoka na ndoo akamwaga dawa pale alipokanyaga. Hakusubiri hata Bouazza afike kwenye kona.

Bouazza aligeuka, akamwona. "Mwaga na ukutani, Allal," alisema kwa upole. "Niliegemea."

*

Jibu la kipimo lilikuja Jumatano. Alikuwa na ugonjwa. Yamna na Ghizlane walipimwa pia, wakaambiwa hawana, ila wasitoke kwa siku kumi na nne. Kamba nyekundu na nyeupe ilifungwa mlangoni kwao. Vyakula waliachiwa kwenye ngazi, na anayewaletea aligonga kisha akakimbia.

Siku hiyo hiyo Si Mekki alisimama nje ya kamba. Watu wa afya walikuwa wanataka orodha ya kila aliyekaribiana na Bouazza katika siku kumi na nne, nyumba kwa nyumba, na idadi ya watu katika kila nyumba. Yamna alikaa kizingitini na daftari lake la masomo ya jioni. Alikuwa amejifunza kuandika msikitini miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka arobaini na saba, katika darasa la wanawake lililofungwa pamoja na msikiti. Herufi zake zilikuwa kubwa na zilisimama wima kama watoto mstarini. Bouazza alikuwa kwenye simu, kutoka hospitali, sauti yake nyembamba.

"Anza," alisema Yamna.

"Mikate minne, uma mara tano: nyumba ya Mina. Watu sita, wawili bado wadogo. Mikate mitano yenye kisu pembeni: Allal. Wamezidi mmoja tangu mama mkwe wake aje Februari. Mikate miwili myembamba, ufuta kidogo: mwalimu wa sekondari na mumewe. Mumewe hali chumvi, ule usio na ufuta ndio wake..."

Si Mekki, aliyekuwa akiandika pia, alisahau kalamu mkononi. "Fundi, mimi nina daftari la serikali na sijui mambo haya."

"Serikali haioki," alisema Bouazza, na Yamna kwa mara ya kwanza katika siku tatu akacheka.

Waliendelea hivyo nyumba thelathini na moja. Kisha sauti ikasita.

"Hajja Batoul," alisema Si Mekki, akiangalia milango. "Bado yeye. Anakaa peke yake, mjane. Niandike mmoja?"

Kwenye simu kilisikika kikohozi, na mtu mwingine akikohoa kwa mbali.

"Fundi?"

"Mruke kwanza," alisema Bouazza. "Nimechoka. Nitarudi kwake."

Si Mekki aliutazama mlango wa Hajja Batoul, kisha akamtazama Yamna. "Asisubiri kesho kurudi kwake," alisema. "Watu wa afya wanakuja leo baada ya alasiri. Asiyekuwamo kwenye orodha hapimwi."

Alipoondoka kwenda mwisho wa kichochoro, Yamna aliingia ndani, akafunga mlango, akampigia mumewe tena.

"Kuna nini kwa Batoul?"

"Hakuna."

"Bouazza, niko nyuma ya kamba kama ng'ombe. Usinidanganye."

Alimweleza. Tangu mume wa Hajja Batoul afariki, ubao wake ulikuwa na mikate miwili. Miwili, kila siku, miaka mitano. Mwanzoni mwa Aprili ikawa saba. Hakuuliza. Kisha Alhamisi ya tarehe 2, jioni, Anouar, mtoto wa Hajja, alichungulia tanurini. Alikuwa ametoroka Casablanca na mkewe na watoto wawili, wakati barabara zote zimefungwa na kusafiri ni kosa. Bouazza alikuwa amemjua tangu akiwa mtoto. Anouar alimkumbatia, akambusu kichwani, akamwomba asiseme. Mwili wake ulikuwa wa moto.

"Ulijua siku kumi na tatu," alisema Yamna.

"Nilijua alikuja. Sikujua alikuja na nini."

"Lakini ulihisi."

Bouazza alisema, "Baba yangu siku aliponishusha kwenye shimo aliniambia jambo moja tu. Watu wanafunika ubao kwa kitambaa, na wewe unakifunua. Unaona nani ana unga mweupe na nani ana shayiri, nani kapata wageni na nani kalala na njaa. Siku utakayosema ulichokiona, zima moto uende zako. Yamna, alikuwa anaona kila kitu, na amekufa nacho."

"Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema." Yamna alipangusa uso kwa kiganja. "Lakini baba yako hakuletewa ugonjwa huu. Lalla Tahra anakohoa tangu jana. Mina amemsikia."

Kwenye simu alisikika akiinuka kitandani.

"Usimwandike wewe," alisema Bouazza. "Nenda kwake kwanza. Aseme mwenyewe. Asiposema, basi andika, na uandike kwamba nimesema mimi."

*

Madari ya nyumba za kichochoro yamegusana, na ukuta kati yao haufiki kifuani. Yamna alipanda alasiri. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Hajja Batoul alikuwa anakung'uta zulia, na alipomwona alivuta kitambaa cha kichwa akafunika pua.

"Usisogee. Una karantini."

"Sisogei. Nimesimama hapa."

"Mumeo anaendeleaje?"

"Anahema. Alhamdulillahi."

"Mungu amsaidie." Alikung'uta zulia mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. "Kama ni kuhusu maneno yangu ya Jumatatu, nilisema kilichoonekana."

"Sikuja kwa hayo. Hajja, wamechukua orodha ya nyumba zote. Thelathini na moja. Yako bado."

"Andika mmoja. Kwani hunijui?"

"Mikate saba anakula mmoja?"

Zulia lilibaki mikononi mwa Hajja Batoul. Uso wake ulikuwa mwekundu, kisha ukapauka.

"Kumbe amesema! Mumeo, fundi mwaminifu! Siku zote mtaa mzima mnamsifu, kumbe anahesabu mikate ya watu!"

"Hajamwambia mtu. Si Mekki alipofika kwenye jina lako, mume wangu alisema amechoka, akakuruka. Ameniambia mimi, na ametaka wewe useme mwenyewe."

"Watamfunga mwanangu! Unajua adhabu? Miezi mitatu. Yamna, walikuja ndani ya lori la vitunguu, watoto wamelala chini ya magunia. Mgahawa aliokuwa akifanyia kazi umefungwa, mwenye nyumba kamtolea vyombo nje. Nilitakiwa nimwambie nini mlangoni? Rudi?"

"Hapana," alisema Yamna. "Hata mimi ningemfungulia."

Hajja Batoul hakutarajia jibu hilo. Alikaa juu ya ukingo wa dari, zulia mapajani, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Kutoka chini, ndani ya nyumba yake, kikohozi kilipanda. Kilikuwa cha mwanaume, kirefu, kilichochimba. Wote wawili walikisikia hadi kikaisha.

"Anakohoa hivyo tangu lini?"

"Wiki. Mkewe ameanza juzi." Alizungumza akiangalia mikono yake. "Siku ile ya mikate, nilipoona mumeo hakusikia harufu, nilijua. Nilijua wapi ameupata. Nikasema moyoni, wakimwangalia yeye hawataniangalia mimi. Ndiyo maana nilipaza sauti. Mungu alinisikia nikipaza, Yamna. Nimeswali tangu hapo na sijui naswali nini."

Yamna alifungua daftari, akaligeuza. Hajja Batoul hakujua kusoma, lakini aliona mistari iliyojaa herufi kubwa, na katikati yake mstari mmoja mweupe.

"Huo ni wako," alisema Yamna. "Nimeuacha."

Chini, Si Mekki alikuwa amerudi, na nyuma yake watu wawili wa afya. Madirisha yalikuwa yanafunguka. Hajja Batoul alisimama. Alienda mpaka ukingoni, akashika ukuta kwa mikono miwili.

"Si Mekki!"

"Naam, Hajja."

"Andika nyumba yangu. Tuko watano. Mwanangu yuko ndani na mkewe na watoto. Walitoka Casablanca. Mwanangu ni mgonjwa, mimi ndiye niliyemficha. Kama kuna wa kufungwa, mlango wangu mnaujua."

Dirisha moja likasema, "Na mbele ya watu ukamwumbua Fundi!" na jingine, "Mwache, hujaona analia?" na Allal akatoka na ndoo yake, akasimama nayo, hakujua aimwage wapi.

"Wagonjwa kwanza, Hajja," alisema Si Mekki. "Mengine baadaye."

*

Mengine yalikuja baadaye kweli: Anouar alitozwa faini, ingawa hakufungwa. Alilazwa wiki tatu na akapona, mkewe pia. Watoto hawakuumwa hata kichwa. Nyumba nne za kichochoro zilikutwa na ugonjwa, na kila nyumba ilifungiwa kamba.

Lalla Tahra alifariki siku ya tatu ya Ramadhani. Alizikwa na watu wanne wa manispaa. Hakuna jirani aliyeruhusiwa kufuata, wakasimama milangoni mwao, wakamswalia kutoka huko. Bouazza aliambiwa kwenye simu. Wauguzi walisema siku hiyo hakufuturu, alikaa na mkate wa hospitali mkononi akiumega vipande vidogo vidogo hadi ukaisha, bila kula hata kimoja.

Hakuna aliyejua nani alimwambukiza Lalla Tahra. Hakuna aliyeuliza pia. Lakini Bouazza alikuwa na hesabu yake, kutoka tarehe 2 hadi tarehe 13, na hakuhitaji kalamu kuiandika.

Alirudi amekonda, na siku ya kumi na saba ya Ramadhani aliwasha tanuri. Yamna aliandika kwenye kipande cha boksi, TUMEFUNGUA, akakitundika. Adhuhuri ilipita. Bouazza alikuwa ndani ya shimo, jiwe la tanuri limeshika moto vizuri, na hakuna ubao hata mmoja. Watu walipita kwenda dukani, wakasema "Hamdulillahi kwa salama, Fundi," na hawakusimama. Alasiri iliadhiniwa.

"Labda kesho," alisema Ghizlane.

"Labda," alisema baba yake.

Mlango wa tatu ukafunguka. Hajja Batoul alitoka akiwa na ubao kichwani. Alitembea polepole katikati ya kichochoro ili kila dirisha limwone. Alisimama kwenye mstari wa kwanza wa chokaa, ambao mvua ilikuwa karibu kuufuta, akashusha ubao, akaondoa kitambaa.

"Mikate saba," alisema kwa sauti. "Tuko watano, na miwili ni ya anayeihitaji. Niokee."

Hapo Mina alitoka na wake. Kisha mwalimu. Kisha mke wa Allal, na Allal mwenyewe nyuma yake, mikono mitupu, akiangalia chini. Mistari ikajaa.

Bouazza hakuupokea ubao. Alipanda kutoka shimoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya wakati wa kazi, akasimama mlangoni na barakoa yake usoni.

"Kabla hamjaniachia unga wenu," alisema, "mjue jambo. Nimepimwa mara mbili, sina ugonjwa. Lakini pua haijarudi. Sisikii harufu ya kitu chochote. Yamna atakaa hapa kando ya moto, atanusa badala yangu. Asiyetaka mwanamke tanurini, au asiyetaka mwoka asiye na pua, achukue ubao wake. Sitamchukia."

"Kwani pua ya mumeo ndiyo tuliyokuwa tunaila?" Mina alimwuliza Yamna, na wachache wakacheka. Hakuna aliyechukua ubao.

"Na jambo la pili." Alimtazama Hajja Batoul, kisha akatazama mwisho wa kichochoro, kwenye kile chumba kimoja chenye kufuli. Alivua kofia yake. "Mnanijua, na mlimjua baba yangu. Yanayokuja chini ya vitambaa vyenu sijayasema miaka thelathini na minne, na sitayasema. Mwenye shayiri ana shayiri yake. Lakini nikiona kitu kinachoweza kumuua jirani, sitakaa nacho tena. Nitakuja mlangoni kwako wewe kwanza, mchana, nikuambie usoni. Usiposema wewe, jioni yake nitasema mimi, hata kama ni mwanangu, hata kama tanuri hili litapoa. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mliosimama hapa."